Umefunga pawa stelingi kwenye FJ40 na bado inakusumbua? Soma hii kabla hujanunua pampu nyingine

Wakuu, wenye Land Cruiser FJ40 mnajua shida yetu ni moja. Gari ngumu, injini haifi, ila kuigeuza ukiwa umeegesha sokoni ni kazi ya kutwanga kisamvu, mabega yanauma mpaka kesho yake. Toyota waliziunda hizi gari kuanzia 1960 mpaka 1984 na nyingi zilitoka na usukani wa mkono, zenye pawa ya kiwandani ni zile za miaka ya mwisho mwisho na si kila soko lilizipata. Ndo maana wengi tunang'oa boksi ya stelingi ya zamani tunafunga ya FJ60 (ile Land Cruiser ndefu ya stesheni), sababu FJ60 za mwanzo zina injini ya 2F ya petroli, ileile ya FJ40 za kuanzia katikati ya miaka ya 70, kwa hiyo pampu na breketi zake zinakaa kwenye injini yako bila kesi kubwa.

Kufunga sio ngumu sana. Kazi inaanza ukishafunga.

Mimi yangu ni ya 1977. Siku ya kwanza uwanjani nilicheka peke yangu, nageuza kwa kidole kimoja. Nikaitoa barabara ya Moshi kwenda Arusha, kufika 80 gari inatembea kama mtu katoka kilabuni, na kila kona nikimaliza inabidi niurudishe usukani mwenyewe kwa mikono, haurudi. Nikasema pampu hii mbovu, nikanunua nyingine ya mtumba. Ileile. Nikabadilisha oili, nikabadilisha hozi, wiki tatu zimepita, hela imekwenda. Mwisho nikampelekea mzee mmoja wa gereji ambaye hizi gari kazigusa toka hazijaitwa za zamani.

"Mzee, shikamoo. Na hii pampu nayo naona mbovu."

"Marahaba. Pampu nzima hiyo kijana. Hebu fungua draglinki halafu shika tairi uligeuze."

Nikaifungua hiyo draglinki, ile fimbo inayotoka kwenye boksi kwenda kwenye matairi, nikashika, tairi haligeuki mpaka niweke na goti. Kingpini beringi, zile za pale gurudumu linapogeukia, zimekula ndani mpaka zimechimba vishimo. Na zilikuwa hivyo miaka yote, sema zamani nilikuwa nadhani ule uzito ni wa boksi. Pawa ikauficha uzito, ila kitu kimoja haiwezi kukuficha, usukani kushindwa kurudi.

Kwa hiyo hapa chini ndo utaratibu ninaoufuata sasa hivi, na nimeshawasaidia jamaa kadhaa nao, zaidi ya nusu yao tatizo halikuwa kwenye pawa kabisa.

Kata mnyororo katikati

Kutoka mkono wako mpaka lami kuna mnyororo mrefu: usukani, kolamu, shafti yenye krosi (kiungo kinachopinda), boksi, pitimani amu (mkono unaotoka kwenye boksi), draglinki, tairodi (fimbo inayounganisha matairi mawili ya mbele), vichwa vya ekseli pale gurudumu linapogeukia, halafu tairi. Ukianza kubahatisha unaweza ukabadilisha vyote na ugonjwa ukabaki. We ukate katikati, yaani pale draglinki inapokutana na pitimani amu, utajua ugonjwa uko juu au chini.

Weka vizuizi nyuma ya matairi ya nyuma, inua mbele kwa jeki na uweke stendi chini ya ekseli, usiiache juu ya jeki tupu hata kama ni dakika mbili. Toa pini, legeza nati lakini usiitoe yote, halafu chukua nyundo mbili, moja ikae upande mmoja wa jicho la chuma kama fuawe, nyingine igonge upande wa pili. Inaachia yenyewe. Usigonge kwenye uzi, ukiharibu uzi umejiongezea safari ya dukani.

Sasa shika tairi ugeuze kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Inatakiwa liende taratibu, kwa uzito uleule njia nzima. Ukisikia pale katikati kuna kijishimo, yaani kama linanasa kwenye mkao wa kwenda mbele halafu linaachia, hizo ni kingpini beringi, roli zake zimegonga vishimo sababu maisha yake yote gari imekuwa ikienda mbele. Hakuna marekebisho ya boksi yatakayokuponya hapo. Badilisha beringi zote nne, juu na chini pande zote, na upange shimu (vibati vyembamba vya kupangia) upya, ukipunguza shimu unakaza, ukiongeza unalegeza. Na wakati uko humo ndani badilisha na oili sili za ekseli, sababu utakuwa umeshachafuka tayari.

Kama tairi zinageuka vizuri, panda kwenye kiti, injini imezimwa, draglinki bado imefunguliwa, zungusha usukani toka mwisho huu mpaka mwisho ule. Kukaza kidogo sana pale katikati ni kawaida, boksi zimetengenezwa hivyo. Kukwaruza, kunasa, au kuwa mzito halafu mwepesi halafu mzito tena sio kawaida, tutakuja huko.

Usukani haurudi ukimaliza kona

Hii ndo malalamiko namba moja. Ukishahakikisha kingpini ziko sawa, angalia kasta. Kasta ni ule mlalo wa vichwa vya ekseli kwenda nyuma, ndo unaolifanya gurudumu litake kurudi kati lenyewe kama gurudumu la toroli la supamaketi. FJ40 toka kiwandani ina kasta ndogo sana, kama digrii moja hivi, kwa usukani wa mkono waliona inatosha, maana ukiongeza kasta na uzito unaongezeka. Ukiwa na pawa unataka zaidi ya hapo, digrii 3 au 4 gari inakaa vizuri.

Sasa wengi wetu tumeweka shako (vile vyuma vinavyoshika mwisho wa springi kwenye chesisi) ndefu mbele ili gari ikae juu, na kwenye FJ40 shako za mbele ziko mwisho wa mbele wa springi, kwa hiyo ukizirefusha unausukuma ule mwisho chini na ekseli nzima inainama mbele. Ile digrii moja yako imeisha, pengine umeshuka chini ya sifuri. Halafu unalaumu pampu.

Dawa ni kabari za chuma kati ya springi na kitako cha ekseli. Kwenye gari hii ekseli inakaa juu ya springi, kwa hiyo upande mnene wa kabari uangalie mbele. Chukua za chuma, zile za alumini zinapondeka na kuchomoka. Na usizidishe, sababu ukiilaza ekseli nyuma pua ya difu ya mbele inaangalia chini, propela ya mbele (shafti inayozungusha difu) inapata kona kali, ukiweka fowili, yaani matairi yote manne yavute, gari inatetema. Mimi nilirudisha shako fupi kwanza ndo nikaweka kabari ndogo, naona ndo njia ya kistaarabu.

Sababu nyingine ni skrubu ya juu ya boksi. Kila fundi akisikia plei (ulegevu) anaikaza hiyo. Ukiikaza kupita kiasi boksi inabana katikati na usukani hauwezi kurudi hata ukiwa na kasta ya baiskeli. Jinsi ya kuipanga nitasema huko mbele.

Na ya tatu ni ile shafti mpya uliyochongesha. Boksi ya FJ60 haikai palepale ilipokuwa ya zamani, lazima shafti iwe na krosi mbili. Zile foku mbili za shafti ya kati lazima zikae kwenye mstari mmoja. Fundi wa kuchomelea akikosea akazikatisha kama msalaba, usukani unakuwa mzito mwepesi mzito mwepesi, mara mbili kila ukizungusha raundi moja. Ukisikia huo mdundo usitafute kwengine, ni shafti. Angalia pia kama haigusi ekzosi au kitako cha injini, maana injini ikinyanyuka ukikanyaga mafuta inaweza kuisogelea.

Gari inatangatanga barabarani

Tafuta plei kwa macho, usitafute kwa mdomo. Mtu mmoja ndani atikise usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, matairi yakiwa chini, injini inawaka, we uko uvunguni (handibreki juu, vizuizi vimewekwa, na huyo aliyeko ndani awe mtu mwenye akili timamu). Weka mkono kwenye kila kiungo kimojakimoja. Kiungo kibovu utakisikia kwenye vidole kabla hujakiona. Krosi, tairodi endi, bushi za springi, wili beringi.

Halafu angalia kitu ambacho watu hawakiangalii, boksi yenyewe inacheza kwenye chesisi au la. Hapa ndo kwenye hatari. Chesisi ya FJ40 ni bati lililokunjwa lina uwazi ndani, boksi ya pawa inasukuma kwa nguvu kuliko ya mkono, na kama umetoboa tu tundu ukapitisha bolti, bolti ikikazwa inaponda chesisi, baada ya mwezi imelegea, baada ya miezi kadhaa unaona mstari wa kutu unaanzia kwenye tundu. Huo sio mstari wa kutu, ni ufa. Inatakiwa kila bolti ipite ndani ya kibomba kilichochomelewa pande zote mbili za chesisi, na nje kuwe na pleti ya kuongeza unene, pembe zake zisiwe kali. Bolti ziwe za alama 10.9, sio zile laini za kufungia geti. Ukikuta ufa gari isitembee tena mpaka ichomelewe na mtu anayejua, na chomoa betri kabla hajaanza.

Kama boksi imetulia na viungo vizima, angalia senta. Fungua draglinki, zungusha usukani mpaka mwisho mmoja, halafu hesabu raundi mpaka mwisho wa pili, gawa kwa mbili, rudi hapo. Hiyo ndo katikati ya boksi. Sasa nyoosha matairi mbele, ona kama draglinki inaingia kwenye pitimani bila kulazimisha. Kama haiingii, refusha au fupisha draglinki mpaka iingie. Usihamishe usukani kwanza! Najua inashawishi, usukani umekaa upande unautoa unauweka sawa unaondoka, lakini boksi inakuwa inafanya kazi nje ya katikati yake, pale ambapo ndani kuna uwazi zaidi, na gari itatangatanga mpaka mwisho wa dunia. Senta boksi, panga draglinki, usukani ndo wa mwisho.

Ikishakaa senta ndo ruhusa ya kugusa ile skrubu. Injini imezimwa, draglinki imefunguliwa, boksi iko katikati, legeza nati ya kufungia, kaza skrubu robo robo mpaka plei kwenye pitimani amu iishe, simama hapo. Zungusha mwisho hadi mwisho. Ikinasa popote rudisha nyuma kidogo. Funga nati huku umeishikilia skrubu isizunguke.

Na mpimo wa matairi kufumba mbele, kwa tairi za rediali mbele pawe pafupi kuliko nyuma kwa milimita 1 mpaka 3. Unaweza kupima mwenyewe kwa futi na msaidizi mmoja, kwenye urefu wa kitovu cha gurudumu, mbele na nyuma ya tairi. Ukizungusha tairodi inarefuka au inafupika bila kuitoa.

Mzito, au unapiga kelele

Hapa sasa ndo kwenye pawa yenyewe. Anza na vya bure. Upepo wa matairi. Fenibelti, ikilia ukigeuza mpaka mwisho imelegea au puli hazijakaa kwenye mstari mmoja, tazama kwa kuweka rula ndefu. Kama ni mzito gari ikiwa sailensi tu halafu ukikanyaga mafuta unakuwa mwepesi, ni belti, au sailensi iko chini sana, au pampu imechoka, kwa mpangilio huo. 2F iache kwenye mizunguko 650 mpaka 700 kwa dakika, na kama inazimika ukigeuza gari imesimama ongeza kidogo kwenye kabureta, pampu inakula nguvu za injini, sio uchawi.

Oili ikiwa na povu rangi ya maziwa ya chai kuna hewa. Tatizo mara nyingi ni hozi ile fupi toka kwenye chupa ya oili kwenda kwenye pampu, klempu imelegea, inanyonya hewa bila kuvuja hata tone kwa hiyo huioni. Kaza, halafu toa upepo hivi: matairi ya mbele juu, injini imezimwa, jaza chupa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho polepole mara 20 hivi huku mtu anaongeza oili. Povu likipungua washa injini, rudia mara chache, zima, subiri, angalia tena. Wengi wanawasha injini mara moja na pampu inaikoroga ile hewa kama mtu anapiga mayai, halafu utasubiri siku nzima itoke.

Oili ni ATF (ile ya giaboksi za otomatiki), Dexron II au III zote zinafaa. Ukiweka oili ya breki umeua sili zote, nasema hivi sababu nimeona kwa macho yangu.

Usishikilie usukani mwisho kabisa zaidi ya sekunde tano, pampu inachemka. Na zile bolti za kuzuia kwenye vichwa vya ekseli zipange zigonge kabla boksi haijafika mwisho wake wa ndani.

Hozi ya presha ichongeshwe kwa watu wa hozi za haidroliki, Gerezani pale Dar au Kirinyaga Road kwa wenzetu wa Nairobi hukosi. Presha humo ni bar 60 mpaka 100 na ushee, hozi ya petroli na klempu itafyatuka. Hozi ya kurudi haina presha kubwa, hiyo klempu inatosha. Usizibadilishane, ukiingiza presha kwenye tundu la kurudi sili ya shafti ya juu inatoka na oili inakumwagikia. Na ukitafuta uvujaji injini ikiwaka tumia kipande cha boksi la karatasi, usipapase kwa mkono, oili ya presha inapenya ngozi na hiyo ni safari ya hospitali.

Inajigeuza yenyewe

Inua mbele, washa injini, achia usukani. Ukianza kuzunguka wenyewe upande mmoja, valvu ndani ya boksi haikai kati, aidha uchafu au iliwahi kufunguliwa ikarudishwa vibaya. Uchafu ndo mwingi, boksi za mtumba zimekaa wazi kwenye vumbi miezi. Chomoa hozi ya kurudi uielekeze kwenye ndoo, ziba lile tundu lake kwenye chupa, pitisha oili mpya lita mbili hivi huku unageuza. Isiposaidia boksi ifunguliwe na mtu mwenye seti kamili ya sili, au tafuta boksi nyingine. Na ukitafuta, angalia ni ya usukani wa kulia. Mzigo mwingi wa Land Cruiser unatoka Dubai na Oman, kule usukani uko kushoto, na boksi yao masikio ya bolti na matundu ya hozi yanaangalia upande mbaya kwa gari yetu. Watu wanalazimisha kwa kuchomelea. Mi nakuomba usilazimishe.

Inaruka upande ukipita kwenye tuta, au inatetema mikononi

Ikiruka upande kila springi ikibonyea, simama mbele ya gari utazame draglinki. Inatakiwa ilale karibu sawa na ekseli. Kama imekaa kama ngazi, ekseli ikipanda inaisukuma draglinki na gari inageuka bila ruhusa yako. Gari iliyonyanyuliwa sana ndo inapata hii, kwa hiyo ishushe, au tafuta pitimani inayoshuka zaidi.

Ile tetemeko kali ukipita kwenye rasta kwa 60 au 70, usukani unakupiga mikono mpaka usimame, wengi wanaitibu kwa kununua shokapu ya stelingi. Inatulia miezi miwili inarudi. Boksi ya zamani ilikuwa inakaza yenyewe kwa msuguano wake ikawa inaficha kingpini zilizolegea, ya pawa haifichi. Kwa hiyo kingpini tena, shimu, balansi ya matairi, bushi za springi, ndo shokapu iwe ya mwisho.

Ukishamaliza yote piga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye kichwa cha kila bolti ya boksi mpaka kwenye chesisi, weka pini mpya kwenye kila nati ya tairodi, tembea kama kilomita 500 halafu ingia uvunguni na tochi. Mstari wowote ambao umekatika, hiyo bolti imezunguka. Yangu ilizunguka moja, ya chini kushoto, nikaikaza na sasa inakaribia mwaka haijasogea.